Waliobeba Zamu Zangu

Nilifeli biokemia kwa sababu nilimponya mgonjwa. Nawaambia mapema, ninyi mnaovaa sare nyeupe siku hizi, ili mkija kwangu Lizaboni mkakikuta cheti changu cha shahada kimetundikwa sebuleni, bado kina karatasi ya nailoni ambayo mke wangu amekataa kuiondoa, msidhani mwenye nyumba alizaliwa na akili hiyo. Cheti kina jina moja. Kazi ya kukileta waliifanya watu wanne, na katika hao wanne mimi ndiye niliyefanya kidogo kuliko wote.

Nimestaafu kwa hiari, na bado napanda ngazi bila kushika ukuta. Kwa hiyo msinisome kama mzee wa busara. Nisomeni kama mtu aliyekaa wodi ya watoto hapa Songea zaidi ya nusu ya maisha yake, akakosea sana, na karibu kila alipokosea alikuta mtu ameshafika kurekebisha.

Miaka ninayoisema ni ile ya ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, na kila mwenye chumba cha mbele alitoboa dirisha akaita duka. Mambo yalikuwa yanafunguka kila upande, isipokuwa upande wetu. Ajira serikalini zilikuwa zimefungwa, watu wanapunguzwa kazini, wagonjwa wameanza kuambiwa wachangie. Muuguzi akistaafu, pengo lake linabaki hivyo hivyo, kama jino la mbele.

Wodi yetu ilibaki na wauguzi wanne. Alikuwapo Makrina, mwenyeji wa hapa hapa mjini, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alikuwapo Saidi, mtu wa Nalasi kule Tunduru, ambaye likizo zake zote aliziweka msimu wa korosho na akirudi alituletea mfuko mmoja, kisha akaula mwenyewe. Nilikuwapo mimi, Kosmas, ambaye kina mama waliniita daktari kwa kosa moja tu la kuwa mwanamume. Na alikuwapo Otilia, Mmatengo wa milima ya Mbinga, aliyenizidi miaka kumi na moja. Yeye aliitwa sista tu, ingawa kila daktari aliyepita pale alijifunza kwake kabla hajajifunza kuegesha pikipiki yake.

Niwaeleze Otilia alikuwa nani. Wiki yangu ya kwanza wodini alilazwa mtoto aliyevimba miguu na uso, amelegea, midomo imekauka. Darasani nilifundishwa kwamba aliyekauka apewe maji. Nikatundika dripu, nikaifungulia kama bomba la mtaani, nikasimama pembeni nikijiona. Otilia alikuwa upande wa pili wa wodi, amenipa mgongo, anabadilisha shuka. Mpaka leo sijui alisikia nini. Aligeuka, akaja. Hakukimbia, hakuwahi kukimbia wodini, alisema muuguzi akikimbia kina mama wote wanaanza kulia. Akaishika dripu, akaibana mpaka tone likawa linaanguka moja, unasubiri, linaanguka jingine.

"Mdogo wangu, unamzamisha."

"Lakini dada, amekauka."

"Amekauka, ndiyo. Lakini huyu kwashakoo imemla. Moyo wa mtoto huyu ni daraja la miti. Utapitishaje lori?" Akanishika mkono, akauweka juu ya vidole vya mtoto. "Vipoje?"

"Vya baridi."

"Basi anza hapo. Maji ya sukari, kijiko kimoja kimoja. Halafu mvulie mama yake gauni hapa kifuani, mtoto alale ngozi kwa ngozi, uwafunike blanketi. Dripu unaikimbizia nini?"

Mtoto yule alipona. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa na diploma yangu mfukoni na hofu kubwa kifuani, kwa sababu nilikuwa nimeona mtu anayemjua mgonjwa akiwa amempa mgongo.

Makrina naye alinifundisha kuchemsha mabomba ya sindano. Ninyi mnafungua pakiti, mnachoma, mnatupa. Sisi ya kwetu yalikuwa ya kioo. Yanaoshwa, yanachemshwa kwenye sufuria juu ya stovu ya mafuta ya taa, dakika ishirini tangu maji yatokote, siyo tangu uwashe moto. Siku moja niliyaweka, kisha nikaenda kumsikiliza mama mmoja aliyekuwa akisimulia jinsi alivyomkimbiza nguruwe pori. Alisimulia vizuri mno. Nilirudi nikakuta maji yamekauka na mabomba sita yanapasuka moja baada ya jingine. Saidi akachungulia mlangoni.

"Msomi, hizo bisi tunakula na chai au na soda?"

Mwezi mzima baada ya hapo alinisalimia, "Habari za jikoni?"

Sasa njooni kwenye ufadhili. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya Matroni. Mfuko fulani ulikuwa unatafuta muuguzi mmoja katika mkoa wetu, aliye kazini, mwenye diploma, akamalizie shahada ya uuguzi Dar es Salaam kwa miaka mitatu. Nafasi ingekuja tena baada ya miaka hiyo mitatu. Mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Otilia alikuwa na arobaini na moja. Hesabu ilikuwa nyepesi: alikuwa na nafasi mbili, hii na ile itakayofuata, basi.

Tuliomba wote wawili. Usaili ulifanyika kwa Kiingereza, mbele ya watu watano waliotoka Dar wakiwa na uchovu wa njia nzima ya Makambako. Nilipoambiwa nijieleze, woga ulinishika, na mdomo ukatafuta njia uliyoizoea, ile ya kukabidhi zamu. Nikasema: mwanamume, umri miaka thelathini, hali ya jumla nzuri, amelala vizuri, amekunywa uji, hana malalamiko. Wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Nadhani nafasi niliipatia pale. Otilia, aliyekuwa na mambo mia ya kuwaambia, alijibu kila swali kwa sentensi moja fupi, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa cha majina ya dawa. Wakamshukuru kwa kuja.

Barua ikaja na jina langu. Nilimtafuta Otilia nikiwa nimeandaa maneno ya kumpoza. Akanikatiza. "Hongera. Umeshaongea na Matroni?"

Nilikuwa bado. Na Matroni ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Alinikalisha, akaisoma barua, akaiweka chini taratibu. "Kosmas, mimi nafurahi. Lakini sina mtu wa kuziba nafasi yako na sitapewa. Nenda kawaulize wenzako watatu kama wako tayari kubeba zamu zako miaka mitatu. Wakikubali waandike, watie sahihi, nami nitakuachia. Akikataa hata mmoja, barua hii naipeleka wilaya nyingine. Na usisahau, mpaka urudi simruhusu mwingine kutoka wodi hiyo."

Vijana, hebu fikirini mnamwendea mtu mwenye watoto nyumbani na shamba la mahindi, mnamwomba abebe theluthi moja ya zamu zenu, za asubuhi, za jioni na za usiku, ili ninyi mkakae darasani chini ya feni. Nilizunguka wodi nzima na karatasi ile nikijifanya natafuta kipimajoto.

Makrina alitia sahihi akiwa anafoka. "Lete hapa! Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga. Ukifeli huko, usirudi kupitia mtaa wangu."

Saidi aliisoma, akatabasamu. "Miaka mitatu. Msomi akishaonja urojo wa Dar, ataikumbuka Songea? Haya, Mungu ni shahidi, natia sahihi. Ila ukioa huko, pilau ya harusi nitakuja kuila mimi, ndiyo malipo ya zamu."

Otilia aliichukua karatasi akaketi nayo. Akaisoma mara mbili. "Kwetu Umatengo tunalima kwa ngokela," alisema. "Unajua? Tunakusanyika, leo wote tunachimba kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kilima kinaisha. Hatuanzi na mkubwa. Tunaanza na ambaye shamba lake liko tayari."

"Na asiyekwenda kwa wenzake?"

"Mwaka unaofuata analima peke yake." Akatia sahihi. "Nenda. Rudi mwaka wa tatu, siyo wa nne. Wa nne mimi nitakuwa nimeshapitwa."

Alisema kama anayetaja siku ya kliniki. Lakini nilielewa, nanyi eleweni. Nikirudia hata mwaka mmoja tu, nafasi inayofuata itakuja nikiwa bado Dar, Matroni hatamruhusu, na ikija tena yeye atakuwa amezidi umri. Shahada yangu nilikuwa na muda wa kuihangaikia. Ya kwake ilikuwa imefungwa kwenye mkia wa yangu.

Nikaenda. Na mwisho wa mwaka wa kwanza nikafeli biokemia.

Swali lilikuwa zuri, hata leo naliona: eleza kinachotokea ndani ya mwili wa mtoto mdogo aliyeharisha siku tatu. Wenzangu waliotoka sekondari moja kwa moja waliuma kalamu. Mimi nilitabasamu. Huyu namjua, nikajisemea, huyu nimemlaza mara mia! Nikaandika kurasa tatu. Nikampima uzito, nikamtazama macho yaliyoingia ndani, nikamfinya ngozi ya tumbo nione inarudi kwa kasi gani, nikamchanganyia maji ya chumvi na sukari, nikamwonyesha mama yake namna ya kumnywesha kwa kijiko, akitapika asubiri dakika kumi aanze tena. Nikamruhusu kwenda nyumbani siku ya tatu akiwa anacheka. Karatasi ilirudi na alama tatu kati ya ishirini, na chini yake mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: Mtoto amepona. Swali halijajibiwa.

Nilipewa mtihani wa marudio baada ya likizo. Nikishindwa, narudia mwaka.

Nilifika Songea asubuhi, miguu imevimba kwa safari, nikaenda moja kwa moja wodini kabla hata ya kumwona mama yangu mzazi. Otilia alikuwa anaendelea na zamu ya pili mfululizo. Nilitazama ratiba ukutani nikaona kwa nini: zamu ile ilikuwa ya kwangu. Jina langu lilikuwa pale pale, halikufutwa, na kando yake kwa penseli mmoja wao ameandika herufi ya jina lake, siku baada ya siku, mwaka mzima. O. M. S. O. O. M. Nilihesabu O zaidi ya herufi nyingine, halafu nikaacha kuhesabu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Shika hapa." Akanipa mguu wa mtoto, akaendelea kutafuta mshipa. Alipomaliza ndipo akanitazama. "Umekonda. Chakula cha huko kibaya?"

Nilisubiri mpaka saa nane na nusu, alipokabidhi. Tukakaa kwenye benchi la barazani kule nyuma, mbele ya kamba za kuanikia. Nikampa ile karatasi ya mtihani. Akasoma kurasa zote tatu polepole, akisogeza kidole. Nilidhani atalia au atanitukana. Akasema:

"Huyu mtoto angepona kweli."

"Ndiyo."

"Lakini hawakukuuliza hivyo."

"Hapana, dada."

"Walikuuliza kwa nini anapona." Nguo zikapigapiga kwenye kamba. "Mtihani lini?"

"Baada ya wiki sita."

"Kitabu umekuja nacho?"

"Ninacho."

"Basi kesho saa nane na nusu. Unisomee. Kwa Kiswahili, maana Kiingereza chao kilishanishinda usaili."

Nawaambia, sijawahi kupata mwalimu mkali kama mwanafunzi yule. Kila siku baada ya zamu ya asubuhi, akiwa amesimama miguuni tangu alfajiri, alivua viatu, akanyoosha miguu barazani, na mimi nikamfafanulia ukurasa. Na kila ukurasa alinikamata. Nikisema neno kubwa, aliuliza, "Hicho kinafanya nini?" Nikijibu, aliuliza, "Umejuaje?" Nikisema kitabu ndivyo kinavyosema, alicheka. "Ah! Basi hujui. Kitabu ndicho kinachojua." Siku tatu za mwanzo niligundua kwamba mwaka mzima nilikuwa nimebeba maneno kama mpagazi anavyobeba sanduku la mtu mwingine, limefungwa, ufunguo hana. Kama kuna jambo moja la kazi mtakalolichukua kwangu, chukueni hili: msijione mmelijua jambo la mwili wa mtu mpaka mmeweza kumweleza kwa Kiswahili mtu aliyechoka.

Saidi alipita na ndoo yake. "Enhe! Wodi imekuwa chuo kikuu. Joho nitapewa au nitashona mwenyewe?"

"Wewe kaa chini usikie," Makrina akamjibu kutoka dirishani, ambako ilionekana alikuwa amesimama muda mrefu.

Siku ya kumi au ya kumi na moja tulifika kwenye maji ya chumvi na sukari. Nilikuwa nimejiandaa, nikaeleza kwa fahari. Kwamba utumbo wa mtoto anayeharisha unakataa chumvi ikija peke yake, lakini kuna mlango mdogo unaofunguka chumvi na sukari zikija pamoja, zimeshikana mikono, na zikishaingia, maji huzifuata. Ndiyo maana ya sukari, siyo utamu. Nikaongeza kwamba kitabu, ambacho kilikuwa kipya, kilisema wataalamu siku hizi wanaona hata uji mwembamba wa nafaka uliotiwa chumvi unafanya kazi hiyo, na pengine kuharisha kunapungua mapema zaidi.

Otilia hakuuliza kitu. Aliinuka bila viatu, akaingia chumba cha wauguzi, akarudi na daftari la shule, jalada limekunjamana, kurasa zimekuwa na rangi ya chai. Akalifungua katikati.

Lilikuwa na mwandiko wake, mdogo, ulionyooka. Safu ya majina ya watoto. Kando ya kila jina, siku alizolazwa, alichonyweshwa, na mara ngapi aliharisha kutwa. Miaka ya shida, pakiti za dawa ya kuharisha zilipokuwa haziji, na sukari kupatikana kwa foleni, alikuwa amewaambia kina mama wengine wapike uji mwepesi kabisa, wautie chumvi kidogo, waunyweshe kwa kijiko. Wengine walitumia chumvi na maji tu, wengine walibahatika kupata sukari. Aliwaandika wote. Na chini ya ukurasa, na ukurasa uliofuata, na mwingine, alikuwa ameandika maneno yale yale: Wa uji wanawahi kufunga. Sijui kwa nini.

Nilitazama tarehe za pale juu. Nilikuwa bado shule ya msingi alipoandika mstari wa kwanza.

Sina namna nzuri ya kuwaeleza kilichonipata. Nimewahi kusimama juu ya milima ya Matogoro asubuhi ukungu ukiondoka, mji wote ukajitokeza chini kwa mara moja, na nikajikuta nimevua kofia bila kujua namvulia nani. Ilikuwa hivyo. Kitabu changu kilichapwa ng'ambo, kina picha za rangi, kilisema jambo jipya. Na jambo lenyewe lilikuwa limekaa miaka yote hiyo kwenye kabati la pasi na mabeseni, Songea, limeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu na mwanamke ambaye usaili ulimshukuru kwa kuja.

"Kwa nini hukumwonyesha mtu?" nikauliza.

"Nimwonyeshe nini? Nilikuwa sijui kwa nini." Akaishika kalamu, akatafuta ule ukurasa wa kwanza kabisa. Akaandika kando, kwa herufi zake ndogo, habari ya mlango na mikono iliyoshikana. "Kumbe mlango," akasema. "Miaka yote, kumbe ni mlango." Kisha akanigeukia, macho yamelowa, sauti kavu. "Endelea. Ukurasa unaofuata. Na usidhani nakusaidia wewe. Nalima shamba langu kwa jembe lako."

Mtihani wa marudio niliupita. Sikuwa wa kwanza, msije mkanitungia hadithi. Nilipita kama gari linavyopita kwenye tope la Namtumbo, limeinamia upande. Lakini nilipita, na mwaka wa pili na wa tatu kila nilichosoma nilikisoma nikimsikia mtu akiniuliza, umejuaje? Likizo nilirudi na vitabu, barazani tukaendelea. Alipofika miaka arobaini na mitatu, Otilia alikuwa ameshasoma karibu kozi yangu nzima, kwa Kiswahili, bila viatu.

Hapa ningependa kuwaambia kwamba nilipomaliza nilipanda basi siku hiyo hiyo. Hospitali za binafsi zilikuwa zinafunguliwa Dar kila mtaa, na moja iliniahidi nyumba, friji na cheo chenye maneno matatu. Ningependa kusema nilikataa papo hapo. Nilikataa siku ya nne. Siku tatu za mwanzo nilikuwa napima pazia la madirisha ya nyumba ile kichwani mwangu. Aibu hiyo niliibeba peke yangu, na ndiyo mara ya kwanza naitoa hadharani.

Nilirudi mwaka wa tatu. Tangazo likabandikwa tena. Otilia akaomba, akiwa na miaka arobaini na minne, na usaili ukaja. Sikuwamo chumbani, kwa hiyo nawapa kama alivyonipa yeye. Walimuuliza kwa Kiingereza aeleze jambo moja alilojifunza kazini. Akajibu kwa Kiingereza kwamba analo, ila ni refu, na anaomba ruhusa alieleze kwa Kiswahili ili asiliharibu. Wakatazamana. Mama mmoja mwenye mvi, aliyekuwa katikati ya meza, akasema, "Tunakusikiliza, dada."

Alitoa daftari. Alizungumza mpaka chai yao ikapoa. Mwishoni yule mama akaomba waachiwe daftari wakalitazame vizuri.

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikawaambia haiwezekani, linatumika wodini. Waje wao."

Makrina alipiga makofi mpaka watoto wawili wakaamka wakalia. Saidi akasema, "Mmatengo kamnyima daftari mtu wa Dar! Basi nafasi imekwenda."

Haikwenda. Barua ilifika baada ya wiki tano, ina jina lake. Safari hii Matroni hakuuliza kama tuko tayari; alitoa karatasi tu. Niligombea kuwa wa kwanza kutia sahihi, Makrina akanisukuma kwa kiwiko.

Nilikuja kujua uzito wa sahihi hiyo baadaye, miguu ilipovimba na kalenda ilipogoma kusogea. Lakini ninayotaka kuwaachia ni siku yake ya mwisho kabla ya kusafiri, zamu ya asubuhi, aliponikabidhi wodi.

Mnajua tunavyokabidhi, au natumaini bado mnafundishwa: hamkai ofisini na daftari. Mnakwenda kitanda kwa kitanda, anayetoka anasema, anayeingia anatazama, anagusa. Otilia alinipitisha kama alivyonipitisha mara elfu. Huyu alikohoa, kifua kimetulia, hesabu pumzi zake dakika nzima, siyo nusu, na usihesabu akiwa analia. Huyu mama yake ana aibu, ukimuuliza mbele ya watu atakwambia mtoto amekula; muulize peke yake. Huyu arudi kwao kesho, bibi yake anakuja kumchukua. Sauti yake ilikuwa ile ile. Kwa kuisikiliza, usingejua kwamba nje ya geti mume wake alikuwa ameshafika na sanduku, limefungwa kamba ya katani, na basi linaondoka alfajiri ya kesho, na bado alikuwa hajawaaga ndugu zake.

Kitanda cha mwisho kilikuwa na mtoto wa kama miaka miwili kutoka upande wa Namtumbo, uvimbe umeanza kupungua, ngozi inamenyeka. Siku nne alikuwa amekataa kikombe, tukimlisha kwa mpira wa puani. Otilia akachota uji, akamwonjesha mdomoni, mtoto akafunga meno. Akanipa kikombe na kijiko.

"Huyu hali akilishwa na mtu aliyesimama," alisema. "Kaa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, mimi na shahada yangu. Nikachota kidogo, nikasubiri. Mtoto akanitazama muda mrefu, kama msaili. Kisha akafungua mdomo. Akameza. Akafungua tena.

Nilisikia Otilia akivua aproni, akiikunja. Nilisikia Makrina akipenga kamasi na Saidi akijaribu utani, ukamfia njiani. Nilisikia viatu vyake vikielekea mlangoni, taratibu, maana hakuwahi kukimbia wodini. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumuaga, safari hii mazuri kweli. Lakini sikuweza kuinuka, wala kugeuka, kwa sababu mtoto alikuwa anakula.